Mpunga Nyuma ya Kamba za Nguo

Elsie Anyango alikuwa mama fua, na kazi hiyo ilikuwa imemkaa mwilini. Siku tano za wiki alitoka mtaa wa Jericho, Nairobi, akavuka barabara hadi mtaa wa Buruburu, leo nyumba hii, kesho ile, akafua mashuka na sare za shule na mablanketi ya watu, na alasiri akarejea vidole vimekunjamana kama utando wa maziwa. Jumamosi ilikuwa ya nguo alizoletewa nyumbani. Hizo alizifulia nyuma ya nyumba, kwenye kibaraza cha saruji kando ya mfereji wa maji ya bomba, akazianika kwenye kamba nne alizozifunga mwenyewe.

Mumewe, Gichuru, alikuwa dereva wa lori la mizigo njia ya Malaba. Akitoka, hurudi baada ya wiki mbili. Mwana wao wa pekee, Gitonga, alikuwa amepata kazi Nakuru. Kwa hiyo Elsie alizoea kuwa na nyumba yake peke yake, mpaka mwezi wa Juni mama mkwe wake alipoletwa kutoka Mwea na mfuko mmoja wa nguo na kigoda.

Jina lake Waruguru. Alikuwa amelima mpunga zaidi ya miaka arobaini, maji yakimfika magotini, mgongo umepinda kama mundu. Sasa macho yalikuwa yameingiwa na ukungu. Madaktari walijaribu, ukungu ukapungua kidogo tu. Baada ya kutumbukia mara mbili katika mtaro wa maji wa shamba lake mwenyewe, wanawe wakakubaliana aje Nairobi. Yeye hakuulizwa. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni kutoka asubuhi hadi jioni, hasemi na mtu, na chakula akikionja tu.

"Mama, wali huu hujaugusa," Elsie alimwambia siku moja.

"Mchele wenyewe umelala dukani mpaka umesahau kwao," Waruguru alijibu, akasukuma sahani.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kabisa juma lile.

Mwezi wa Septemba Elsie alikwenda kwao Ugenya kumzika shangazi. Baada ya mazishi, ndugu yake Willis alimpeleka kuona shamba. Kwenye mteremko, palipokuwa mahindi miaka yote, kulikuwa na mimea ya kijani iliyosimama kwa mistari, imefika mapajani. Elsie alidhani ni ngano.

"Mpunga," Willis alisema kwa majivuno. "Mpunga wa nchi kavu. Huu hautaki bwawa wala mtaro. Unapandwa kama mahindi, unanyeshewa, basi."

Elsie alimfikiria mama mzee kwenye kigoda. Aliomba mbegu, akapewa mkebe mmoja wa mafuta ya kupikia uliojaa.

Alipofika Jericho hakusubiri hata kuvua viatu. "Mama, nyoosha mkono."

Waruguru alinyoosha kiganja, Elsie akamimina. Mzee alizisugua zile punje, akazinusa, akatia moja mdomoni na kuivunja kwa meno machache aliyobakiwa nayo.

"Huu ni mpunga," alisema, na sauti yake ilikuwa imeamka. "Umetoka Mwea?"

"Umetoka kwetu. Ndugu yangu ameupanda mlimani, bila mtaro. Mvua tu."

Waruguru akacheka. Elsie alikuwa hajawahi kumsikia akicheka, na hata yeye akajikuta anacheka bila kujua wanachekea nini.

"Haiya! Mpunga bila maji? Hizo zitakuwa nyasi, Mama Gitonga. Nyasi za kulisha mbuzi!"

Nyuma ya kamba za nguo palikuwa na kipande cha ardhi, hatua kumi na mbili kwa nne, kilichojaa kokoto na mifuko ya plastiki. Kilikuwa cha safu nzima ya nyumba, kwa hiyo Elsie alikwenda kuomba ruhusa kwa mzee Wesonga, mstaafu wa reli, ambaye ndiye waliyemfanya mwenyekiti wao.

"Limeni," Wesonga alisema. "Lakini nyoka akionekana humo, nitafyeka mwenyewe."

Elsie alichota kokoto na kulima Jumapili mbili mfululizo baada ya ibada. Mvua za Oktoba zilipoanza, ugomvi nao ukaanza. Waruguru alishikilia kwamba mpunga hulala kwenye tope. Alimwagiza Elsie ajenge kingo za udongo kuzunguka nusu ya kile kipande, amwage maji mpaka pawe uji. Elsie, kwa heshima ya mkwe, alitii, na beseni kumi na tano za maji zikaenda. Nusu ya pili aliipanda alivyoelekezwa na Willis, mistari mikavu, mbegu chini kwa kina cha kidole.

Baada ya siku kumi mistari mikavu ilichipua. Kwenye tope hakikutoka kitu. Elsie alipofukua alikuta mbegu zimeoza, laini kama ugali uliolala. Alimwekea mzee punje chache mkononi.

Waruguru alizibonyeza. "Huu haujui kulala majini," alisema taratibu. "Umezaliwa na mama mwingine."

Walipanda upya nusu ile, kwa mistari. Novemba ilinyesha vizuri na mpunga ukajaa machipukizi. Majirani walipita kuuliza Elsie anafuga ng'ombe gani anayepandiwa majani. Waruguru alihamisha kigoda chake kutoka mlangoni hadi nyuma ya nyumba. Asubuhi alipitisha viganja juu ya majani kama mtu anayempapasa mtoto kichwani, na alikuwa akila, tena akiomba kuongezwa.

Katikati ya Desemba mvua ilikata. Haikuaga, ilikata tu. Na kama kawaida ya mtaa, mvua ikikata na mfereji nao unanyamaza. Maji yalikuja Jumatano, Jumatano iliyofuata yasije. Watu walinunua mitungi kwa wenye mikokoteni. Kwa Elsie kila tone lilikuwa na kazi yake: kunywa, kupika, na nguo za wateja wa Jumamosi.

Mpunga ulianza kujikunja. Saa sita mchana kila jani lilijifunga kama mkeka unaohamishwa, likabaki jembamba kama sindano. Jioni yalikunjuka tena. Elsie alijipa moyo kwa huko kukunjuka. Si Willis alisema ni mpunga wa nchi kavu? Nchi kavu ndiyo hii.

Asubuhi moja Waruguru alikuwa ameinama kati ya mistari, ameshika shina kwa vidole viwili, akilibonyeza kutoka chini kwenda juu. "Mama Gitonga, njoo ushike hapa. Unasikia?"

Elsie alishika. Shina lilikuwa limevimba katikati, gumu kidogo.

"Una mimba. Suke limo ndani. Sasa ndipo unataka kunywa. Tangu ulipoota haujawahi kutaka kama sasa."

"Mama, maji yenyewe yako wapi? Hata ya chai tunapima. Na huu si ule wa kwenu. Huu umezoea kiu."

"Mwanamke aliyezoea njaa, akishika mimba, njaa hiyo humdhuru mtoto," Waruguru alisema. Lakini hakushindana zaidi. Tope lake la Oktoba lilikuwa limemwondolea haki ya kushindana.

Januari masuke yalitoka. Mengine yalikwama nusu, hayakumaliza kuchomoka kwenye ala zao. Yaliyotoka yalikuwa meupe na yalisimama wima, yakipeperuka kwenye upepo hata watu wakaja kupiga picha kwa simu. Elsie alifurahi. Alimpigia Gichuru akiwa njiani, akamwambia arudi mapema aje ale wali wa nyumbani.

Wiki tatu baadaye masuke yalikuwa bado yamesimama wima. Waruguru alilivuta moja, akalipitisha katikati ya vidole vyake, punje baada ya punje, mpaka ncha. Akachukua la pili. La tatu. Kisha akafuta mikono kwenye leso yake.

"Mapepe," alisema.

"Mapepe ni nini?"

"Maganda. Ndani hamna kitu. Suke lenye mchele huinama, mama. Hili linasimama kwa sababu halijabeba."

Elsie alipasua punje kwa kucha. Ganda tupu. Akapasua nyingine, na nyingine, akitoka mstari hadi mstari, mpaka akakaa chini kwenye udongo uliopasuka na kulia. Hakulia njaa, mchele wa dukani ulikuwepo. Alilia zile Jumapili mbili za kokoto, na maji aliyoyanyima mpunga wake akiyahesabia nguo za watu wengine. Zaidi, alilia kwa kuwa aliambiwa na hakusikia.

Waruguru hakumbembeleza. Aliendelea kutembea kwa kupapasa, kwa ukaidi wa mkulima asiyeamini msimu mzima umekwenda bure. Alipofika pembeni, karibu na kibaraza cha kufulia, alisimama.

"Hapa nani alimwaga maji?"

Elsie aliinua kichwa. Pale pembeni, mashina kama ishirini yalikuwa yameinamisha vichwa, masuke yana rangi ya asali. Alikuwa ameyaona siku zote na kudhani yamenyauka.

"Hakuna aliyemwaga," alisema. Kisha akakumbuka. Kila Jumamosi, akimaliza suuza la mwisho, maji yasiyokuwa na povu, aliinamisha beseni likamwagikia upande ule kwa vile ndiko kulikokuwa na mteremko. Beseni mbili, tatu. Bila kukusudia.

Waruguru alikuwa amelishika suke moja kwa mikono miwili. "Limejaa," alisema. "Mama Gitonga, limejaa! Kumbe hauhitaji kuogelea kama wangu. Unahitaji kunyweshwa wakati wake." Akageuza uso upande aliosikia kwikwi za Elsie. "Mimi nilikosea mwanzo, wewe umekosea mwisho. Tumegawana sawasawa. Futa machozi tukate mbegu."

Walivuna yale mashina ishirini tu, wakayafunga kwenye kitambaa na kuyatundika juu ya jiko. Elsie alitaka kuupanda tena mvua za Machi. Waruguru alikataa: ungekuta baridi ya Julai ukiwa na mimba, na baridi nayo huacha mapepe. Wangoje Oktoba.

Miezi ile ya kungoja, wawili hao walikuwa na mazungumzo mengi kuliko miaka yote ishirini na mitano ya ukwe wao. Elsie alilima kwa kina zaidi, akachanganya samadi ya mbuzi aliyoiomba machinjioni, ili mizizi ipate njia ya kwenda chini. Mzee Wesonga alitoa mapipa mawili yaliyokuwa yakishika kutu uani kwake. Elsie aliyaweka palipomwagikia maji ya paa, na mvua za Oktoba zilipokuja yakajaa hadi ukingoni, akayafunika kwa mabati na mawe. Mpunga ulipoota, alitandaza nyasi kavu kati ya mistari ili jua lisinyonye ardhi.

Katikati ya Novemba mvua ilipotea siku kumi. Majani yakaanza kujikunja, na Elsie akaenda kwenye pipa na kopo mkononi.

"Rudisha," Waruguru alisema kutoka kwenye kigoda. Alikuwa amesikia bati likisogezwa. "Sasa hivi ni kijana. Kijana akisikia kiu, atashuka chini kutafuta. Machipukizi yatapungua kidogo, lakini yatakayobaki yana miguu mirefu. Hayo maji si ya leo."

Ilikuwa kazi ngumu kutazama mimea yako ikiumia nawe una maji. Elsie alivumilia. Siku ya kumi na moja ilinyesha.

Januari ikafika, kavu kama ile ya kwanza. Mashina yakavimba. Mfereji ukawa unatoa maji Jumatano pekee, nayo kwa saa chache. Elsie alikuwa ameanza kugawa maji ya mapipa, kopo moja kwa kila shina siku ya tatu, wakati Mwelu alipobisha mlango. Mwelu aliishi nyumba ya pili, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na mtoto wake wa kwanza alikuwa na majuma matatu.

"Mathe, sasa," alimsalimu Elsie, mtungi mtupu mkononi. "Naomba tu maji ya kufua nepi. Wa mkokoteni hajapita leo, na mtoto ameharisha tangu asubuhi."

Elsie hakujua maneno yalitoka wapi. "Ole wangu, Mwelu. Na mimi yameniishia. Mapipa yako karibu tupu."

Kisha kutoka nyuma ya nyumba ikasikika fimbo ya Waruguru ikigonga pipa la kwanza. *Du.* Ikagonga la pili. *Du.* Sauti nzito, sauti ya pipa lililojaa. Mlio wake haukuhitaji mkalimani.

Uso wa Elsie ulimwaka moto. Mwelu aliangalia chini, akageuka aende zake.

"Rudi, mama mtoto," Waruguru aliita. Alikuja taratibu, mkono mmoja ukutani. "Mpunga una mimba, ni kweli. Lakini mtoto wa mtu ameshazaliwa. Mama Gitonga, mjazie."

Elsie alimjazia mtungi, akamjazia na ndoo, akaibeba mwenyewe hadi kwa Mwelu kwa aibu aliyokuwa nayo. Alizifua nepi zile kwa mikono yake, maana mikono ndiyo iliyokuwa na lugha siku ile. Habari hazikai, na baada ya siku mbili tu safu nzima ilijua kwa Elsie kuna maji. Hakumnyima mtu tena. Kufikia Jumapili pipa moja lilikuwa tupu na la pili nusu, na masuke yalikuwa hayajachomoza hata moja.

"Basi tena," Elsie alimwambia mama mkwe. "Tutavuna mapepe, lakini angalau hatutaona aibu."

Asubuhi ya Jumatatu, alipokuwa akijifunga leso kwenda kazini, alimkuta Mwelu nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni, ndoo mkononi.

"Ni ya suuza la mwisho," Mwelu alisema. "Niliskia Shosho huyu akisema mmea wenu hunywa hiyo. Nimwage wapi?"

"Lete kwanza hapa," Waruguru alisema. Akainamia ndoo, akanusa, akachovya kidole na kukisugua na kidole gumba. "Haina sabuni. Mwaga mstari wa tatu, polepole, kwenye mizizi. Usimwagie majani."

Jioni akaja mzee Wesonga na beseni la maji aliyooshea miguu. Waruguru alinusa. "Hii ina dawa ya miguu. Nenda ukanyweshe barabara." Watu walicheka hadi Wesonga mwenyewe akashika mbavu. Kesho yake alileta maji aliyooshea mboga.

Ikawa desturi. Nyumba kumi na moja za safu ile, kila moja ikafua na kuosha kama ilivyojaliwa, na maji ya mwisho, badala ya kuishia mtaroni, yakapita puani mwa Waruguru. Walipanga foleni na ndoo zao mbele ya kigoda. Yenye povu ilirudishwa bila huruma, hata iwe ya mwenyekiti. Aliijua mistari yote kumi na sita kwa kiu yake: huu ulikunywa jana, ule ngoja kesho. Elsie aliporudi kutoka Buruburu alikuta udongo umelowa na mama mkwe ana sauti iliyokauka kwa kuamrisha watu.

Masuke yalichomoza mwisho wa Januari, karibu yote. Wiki ya kwanza yalisimama wima, na Elsie hakuthubutu kuyagusa. Wiki ya pili aliona moja limeanza kulegea shingo. Ya tatu, alipotoka nje na karai la nguo, mistari ilikuwa imeinama upande mmoja, kama waumini wakati wa sala. Aliliacha karai chini. Alimshika mama mzee mkono wakapita pamoja mstari hadi mstari, na Waruguru akawa anabonyeza na kusema neno moja tu: "Limejaa. Limejaa. Limejaa." Pale alipokuta mapepe, kwa maana hayakukosekana, alinyamaza na kupita.

Walivuna Februari ikiisha. Lilipatikana debe moja lisilojaa sana. Gichuru, aliyekuwa amefika asubuhi ile, aliazima kinu kwa jamaa wa mtaa wa Kaloleni, na wanawake wa safu ile wakapokezana mchi. Waruguru ndiye aliyepepeta, maana mikono ilikumbuka kazi ambayo macho yalikuwa yameiacha. Wali ulipikwa kwenye sufuria la kanisa. Kila nyumba ilipata sahani, si zaidi, na wengine walikula kwa vidole wakiwa wamesimama ili wasikose hata punje.

"Wafahamu," Waruguru alimwambia Elsie, akitafuna polepole, "hauna harufu kama wa Mwea."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Una ladha yake. Niongeze."

Wiki iliyofuata Willis alipiga simu kutoka Ugenya. Msimu wake ulikuwa umemgeuka. Mvua ilikata mpunga ukiwa na mimba, na nusu ya mteremko ilikuwa mapepe. Alikuwa anataka kurudia mahindi. Elsie alimsikiliza hadi mwisho.

"Willis, usirudie mahindi bado. Chimba shimo juu ya mteremko, mvua ikiwa nyingi likusanye maji. Tandaza nyasi. Ukiona majani yanajikunja mapema usibabaike. Lakini siku shina likivimba, fungua hilo shimo, hata kama ni kopo kwa kopo."

"Haya yote umeyajulia wapi, wewe wa Nairobi?"

Elsie alitazama nje. Mzee Wesonga alikuwa akichota kokoto kwenye kipande kingine upande wa pili wa mfereji, jasho likimtiririka, na Waruguru alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo, akimwambia alime chini zaidi, zaidi kidogo, hapo bado ni juu.

"Ngoja," Elsie alisema, "nikupe mwenyewe akueleze." Akatoka nje na simu.